Mke wangu alitangulia ugenini. Nilipomfuata nikamkuta mtu mwingine

Shikamoo Mama,

Nimesoma safu yako kwa miaka mingi na sikuwahi kudhani kwamba siku moja na mimi nitakuandikia. Sasa hivi ni saa kumi na mbili alfajiri, nimetoka zamu ya usiku na wote bado wamelala.

Nina miaka 43. Tumeoana miaka 15, tuna binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 8. Mke wangu ni nesi. Miaka minne na ushei iliyopita alipata kazi katika hospitali ya nchi ya nje, tukakubaliana aende. Mimi nilikuwa makamu mkuu wa shule ya sekondari. Tulisema atakaa mwaka mmoja peke yake, kisha tumfuate. Karatasi zikachelewa, mwaka mmoja ukawa mitatu. Muda wote huo mimi ndiye niliyelea watoto. Mwanzoni mama yangu alikuja kunisaidia, lakini akaugua, akarudi kwake, nikabaki peke yangu. Nilijifunza kusuka nywele za binti yangu. Mdogo akikohoa usiku, mimi ndiye niliyeamka. Sijisifu, nasema ilivyokuwa.

Tuliungana naye miezi 14 iliyopita. Miezi ya kwanza ilikuwa furaha tupu, tulikuwa tunacheka hadi usiku wa manane. Mambo yalianza kuharibika lini, siwezi kukutajia siku.

Vyeti vyangu huku havitambuliki. Nimepata kazi ya kupanga maboksi ghalani, usiku. Msimamizi wangu ni kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Mke wangu anafanya zamu za mchana zenye urefu wa saa 12, kwa hiyo tunapishana mlangoni. Lugha ya hapa naielewa ikisemwa taratibu, lakini nikienda benki au kwa daktari, binti yangu ndiye anayenisemea. Mwezi uliopita kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwake. Mwalimu alikuwa anamzungumzia yeye, na ni yeye huyo huyo aliyenitafsiria. Mimi ambaye niliendesha vikao kama vile kwa miaka 11.

Mke wangu amebadilika, Mama. Neno lake siku hizi ni "Hapa hatufanyi hivyo." Nikimkemea mtoto, hapa hatufanyi hivyo. Nikipiga hodi kwa jirani bila kumwarifu kwanza, hapa hatufanyi hivyo. Ananiambia mbele ya watoto. Jambo analiamua kwanza, mimi naarifiwa baadaye. Ana akaunti ya benki niliyoijua kwa sababu barua yake ilipitia mikononi mwangu. Nikirudi kazini nakuta kikaratasi mezani: osha vyombo, pika, mpeleke mdogo shule. Sikatai kazi. Lakini naagizwa kama kibarua.

Zamani pesa alizotuma nilizigawa mimi kwa ndugu, na watu walijua mwenye nyumba ni nani. Sasa mama yangu anauliza kwa nini haziji kama zamani, na mke wangu anasema kodi ya nyumba kwanza. Kaka yangu ananiambia kwa simu kwamba nimekaliwa.

Nimalizie na jambo la aibu. Wiki tatu zilizopita tuligombana, nikapiga meza kwa ngumi, sahani ikaanguka ikavunjika. Sijawahi kumpiga mke wangu na siku hiyo sikumgusa. Lakini binti yangu alikuja akasimama katikati yetu, uso kaugeuzia kwangu. Mdogo alikuwa nyuma yangu ameng'ang'ania suruali. Huyo hata akiota ndoto mbaya usiku ananiita mimi, hamwiti mama yake.

Nikasema nataka kurudi nyumbani. Akajibu, "Rudi. Mimi na watoto tunabaki." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipoumia. Kibali changu cha kuishi kimefungwa kwenye kibali chake, kwa hiyo tukiachana sijui hata nitasimama wapi.

Je, huyu bado ni mke wangu? Nirudi au nibaki? Nimechoka.

Baba wa Wawili

---

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku huo na kwa nyingine zilizoutangulia.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikutafuta wewe, mara ya pili nikamtafuta mkeo. Nataka tuanze na kalenda, kwa sababu naona ndiyo inayowagombanisha kuliko tabia ya yeyote kati yenu. Wewe uko mwezi wa 14. Yeye yuko mwaka wa tano. Mnakaa nyumba moja, lakini kwa hesabu za uhamiaji hamko mwaka mmoja.

Mwaka 1979 daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Argentina, Carlos Sluzki, aliandika juu ya familia zinazohama na hatua wanazopitia. Kuna kujiandaa, kuna safari yenyewe, kisha kinakuja kipindi ambacho familia inajikaza. Watu wanatafuta kazi, wanatafuta nyumba, wanajifunza njia, na machungu yote yanawekwa kando kwa sababu hakuna nafasi ya kuyashughulikia. Kwa nje familia hiyo inaonekana imara kuliko zote. Baada ya miezi mingi, pale ambapo kila mtu anadhani mambo yametulia, ndipo yaliyowekwa kando yanapodai haki yao, na magomvi yanafumuka. Ndiyo maana huwezi kunitajia siku. Miezi yenu ya kucheka hadi usiku wa manane ilikuwa ya kweli, wala hamkuwa mnadanganyana. Lakini ndani yake mlikuwa mnajikaza, na sasa mikono imechoka kushikilia.

Sasa mrudie mkeo. Kipindi hicho cha kuporomoka ambacho wewe umo leo, yeye alikipitia lini? Nadhani ni miaka mitatu hivi iliyopita, peke yake, akitoka wodini na kuingia katika chumba kisicho na mtu. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unasuka nywele za mtoto, unafanya kazi njema kabisa. Mkipigiana simu yeye alisema "niko salama," nawe ukasema "watoto hawajambo." Nimewasikia wenza wengi waliotenganishwa na kazi, na karibu wote walifichana hivyo hivyo, kwa mapenzi, ili aliye mbali asilie. Kila mmoja akabaki na miaka mitatu ambayo mwenzake hana habari nayo. Unaponiambia umemkuta mtu mwingine, nakuamini. Na yeye amempokea mtu mwingine. Yule aliyeagana naye hakuwa anajua kusuka.

Tuje kwenye hilo neno linalokuchoma, "Hapa hatufanyi hivyo." Lisikilize vizuri. Ndani ya "hatufanyi" kuna "sisi", na wewe hujahesabiwa ndani yake. Nafikiri hicho ndicho kilichokuuma, hata kama ulikuwa hujakipatia maneno. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie, "Ukisema 'hatufanyi', najisikia niko nje ya mlango." Na akubali kwamba hayo hayasemwi mbele ya watoto. Hapo amekosea, nasema wazi.

Lakini jiulize pia alizipata wapi hizo kanuni zake. Hakuna aliyempokea na kumweleza. Inawezekana kila moja aliinunua kwa fedheha yake mwenyewe: siku aliyopiga hodi kwa jirani akaangaliwa vibaya, siku aliyoitwa na mkubwa wake kazini kwa jambo ambalo kwao halikuwa kosa. Anapokuona unaelekea kwenye shimo lile lile alilotumbukia, anapiga kelele. Wewe unasikia amri. Mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, John Berry, ameonyesha kwamba mtu aliyehamia utamaduni mwingine ana njia kama nne: kuacha vyake akashika vya wenyeji, kushika vyake akawaepuka wenyeji, kushika vyote viwili, au kupoteza vyote viwili. Kwenye ndoa shida ni kwamba wawili huweza kushika njia mbili tofauti bila kuambiana. Yeye kazi yake inamlazimisha kuchangamana na wenyeji kutwa. Wewe uko na maboksi, usiku, bila mtu wa kuongea naye. Hamkuchagua hivyo, zamu ndizo zilizowachagulia.

Sasa naja kwenye mstari mmoja uliouandika ukaupita mbio. Ulisema mdogo akiota ndoto mbaya anakuita wewe, hamwiti mama yake. Nadhani uchungu wote wa mkeo umo katika mstari huo.

Mtoto yule alikuwa na miaka minne hivi mama yake alipoondoka. Aliondoka ili apate kumlisha, na alipompata tena akakuta yeye ni mgeni kwa mwanawe. Usiku anamsikia akilia, anamsikia akiita, na jina linaloitwa si lake. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kufuatilia familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, ambao hakuna aliyejua kama wako hai au wamekufa. Akaona kuna namna ya kufiwa ambayo haina maiti wala kaburi, na baadaye akaonyesha kwamba wahamiaji nao hubeba kitu hicho hicho. Mimi nauita msiba usio na matanga. Mkeo alikuwa mama wa kwenye simu kwa miaka mitatu. Hakuna aliyemwambia pole, kwa sababu watoto wake walikuwa hai na wazima, na kila mtu alikuwa anampongeza kwa kupata kazi.

Kwa hiyo anapoamua mambo ya watoto bila kukuuliza, anapoandika vikaratasi vya nani apelekwe wapi na saa ngapi, sina hakika kwamba anataka kukutawala. Inaweza kuwa anapigania kiti chake cha umama, na anakipigania vibaya. Yeye peke yake ndiye anayejua. Muulize. Na kuanzia usiku wa leo, ukiwa nyumbani na mtoto akiita, amkeni wote wawili, kisha wewe ukae nyuma kidogo. Usimpishe kwa kumwonyesha unampisha. Kaa tu nyuma.

Juu ya vyombo na mapishi sitasema mengi. Kwa miaka mitatu uliosha, ulipika, ulisuka, na hukuona haya, kwa sababu hakuna aliyekuandikia. Kazi ni ile ile, kinachokuuma ni kikaratasi. Basi msigombee vyombo. Ombeni dakika kumi kila siku mnapopishana mlangoni, mketi, mpangane kwa mdomo, na kikaratasi kiishe. Na pengine hujawahi kuambiwa asante kwa miaka ile mitatu. Naona hujaambiwa. Nakuambia mimi leo, lakini unastahili kuisikia kutoka kwake, na si vibaya kumwambia kwamba unaisubiri.

Kaka yako anasema umekaliwa. Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yaliyokupata wewe yamewapata wanaume wengi ambao wake zao walitangulia. Marekani ilipobadilisha sheria yake ya uhamiaji mwaka 1965, manesi wengi kutoka jimbo la Kerala, India, walikwenda huko, na waume zao wakafuata baadaye. Mwanasosholojia Sheba George alizichunguza familia hizo kwa karibu. Alikuta wanaume waliokuwa na kazi za heshima kwao wakishika kazi za chini, wakiishi kwa kibali kilichotokana na wake zao, na wakichekwa na watu wa jamii yao wenyewe. Baadhi walijitosa katika malezi na kazi za nyumbani. Wengine walitafuta hadhi yao kanisani, kwenye uongozi wa usharika, kwa sababu pale ndipo jina la mtu lilipobaki kuwa jina. Nakusimulia haya ili ujue kwamba kudondoka kwako cheo hakukufanywa na mkeo. Kumefanywa na safari. Yeye yuko karibu, ndiyo maana hasira inamfikia yeye.

Acha kumpelekea kaka yako habari za chumbani kwenu. Najua unamwambia kwa sababu huna mwingine, na hili ni gumu kweli. Kule mlikotoka ndoa yenu ilikuwa imebebwa na mikono mingi: mtu wa kumlalamikia, mtu wa kuwasuluhisha, mtu wa kuchukua watoto jioni moja ili mpate kusemezana. Mmefika ugenini mzigo wote umeangukia watu wawili, na mmoja wao yuko kazini mchana, mwingine usiku. Ndoa haikudhoofika, mzigo ndio ulioongezeka. Tafuteni wenza wengine wahamiaji, wenye miaka mingi huko kuliko ninyi, wanaojua kutunza siri. Mkikosa, ulizeni kwenye zahanati yenu kama kuna mshauri wa ndoa anayewashughulikia wahamiaji, ikiwezekana anayejua lugha yenu.

Pesa. Hapa nitaomba uvumilivu wako. Sherri Grasmuck na Patricia Pessar walichunguza familia kutoka Jamhuri ya Dominika zilizohamia New York, wakaona jambo ambalo mimi pia nimeliona katika nyumba nyingi. Wanaume walitaka kubana matumizi ili waweke akiba warudi kwao. Wanawake walinunua makochi na majokofu, vitu vizito, vinavyofanya kurudi kuwe kugumu. Mwanamke aliyepata mshahara wake na sauti nyumbani hakuwa na haraka ya kurudi mahali ambapo angevipoteza. Ukisikiliza kwa nje utadhani wanagombea bei ya kochi. Walikuwa wanabishana juu ya mahali palipo nyumbani.

Na ninyi hivyo hivyo. "Nataka kurudi" na "Mimi na watoto tunabaki" ni majibu ya swali moja ambalo hamjawahi kuulizana mkiwa mmetulia. Wewe umeyafunga maswali mawili pamoja. Moja ni kama unamtaka mkeo. Jingine ni kama unaitaka nchi ile. Ulipomwambia unataka kurudi, huenda alisikia kwamba humtaki. Alipokujibu taratibu, wewe ukasikia hakutaki. Yafungueni maswali hayo. Mtu anaweza kuichukia nchi na akampenda mke wake aliyemo ndani yake.

Kwa mama yako, kaeni na mishahara yote miwili mezani, mtoe kodi na chakula na shule, kisha mkubaliane kiasi cha kutuma, hata kiwe kidogo, kiende kila mwezi bila kukosa. Halafu wewe ndiye umpigie mama yako. Mwambie "tumepanga hivi." Usimwambie "mke wangu amekataa", maana neno hilo likishatoka, hata mkija kupatana, wao huku hawatalisahau. Na ile akaunti, muulize tu. Mtu anayeishi peke yake na anayelipwa mshahara hufungua akaunti. Kosa, kama lipo, ni kutokuitaja.

Sasa binti yako. Hapa sitakubembeleza.

Mtoto wa miaka 13 ambaye anamsemea baba yake benki na kwa daktari, na anayetafsiri yanayosemwa juu yake mwenyewe, amepewa uzito usio wa umri wake. Anajua deni lenu, anajua ugonjwa wenu, anajua ni wakati gani baba yake amedharauliwa, na inambidi aamue papo hapo atafsiri nini na afiche nini. Watoto wa wahamiaji wengi sana wanafanya kazi hii, na wengine wanaifanya kwa fahari, sikatai. Lakini mtoto aliyezoea kusimama kati ya baba yake na dunia, usiku wa ugomvi alisimama kati ya baba yake na mama yake. Ni kazi ile ile, mwanangu. Alikuwa anatafsiri.

Basi liishe wiki hii. Hospitali nyingi na shule nyingi katika nchi zinazopokea wahamiaji hutoa mkalimani bila malipo ukiomba mapema unapoweka miadi. Omba. Kikao kijacho cha wazazi, binti akae kama mwanafunzi. Na umwombe radhi. Usianze na "sijawahi kumpiga mama yako," kwa sababu ukisema hivyo unamfanya ashukuru kwa kitu ambacho ni haki yake. Sema, "Nilipiga meza, nikakutisha, nimekosa." Ukisikia ngumi inajikunja tena, toka nje. Na kama itatokea mara ya pili, tafuta msaada wewe mwenyewe kabla hujatafutiwa. Sahani iliyovunjika inamtosha mtoto kuanza kupima umbali kati yako na mama yake.

Kuhusu kibali, usikae na hofu usiyoijua mipaka yake. Sheria hutofautiana sana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia, kwa mfano, inampa mwenza aliyefuata haki ya kuomba kibali chake mwenyewe, muda usiozidi miaka 5 ya ukaazi, katika nchi zinazoifuata. Kwingine muda ni mwingine, kwingine hakuna. Nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji au shirika linalosaidia wahamiaji, uulize mambo mawili: nikitoka nchini kwa miezi kadhaa kibali changu kinakuwaje, na tukitengana kinakuwaje. Uliza kabla hujakata tiketi. Na kwa wale mnaosoma barua hii ambao wenza wenu wanatumia kibali kama kamba, wanaowaambia "nitakufukuzisha" au wanaoficha pasipoti zenu, yenu si habari ya kalenda. Huo ni ukatili, na nchi kadhaa zina njia ya mwenza anayeteswa kuomba kubaki kwa jina lake mwenyewe. Tafuteni msaada bila kumwambia.

Juu ya kazi, hukuniuliza, lakini nitasema. Umeandika kwamba vyeti vyako havitambuliki. Nani amekuambia? Kama ni watu wa ghalani, hiyo bado si hukumu. Nchi nyingi zina ofisi ya kulinganisha vyeti vya nje. Barani Ulaya ofisi hizo zimeunganishwa katika mtandao wa ENIC-NARIC. Peleka vyeti, upate jibu la maandishi. Huenda usirudi kuwa makamu mkuu, lakini kati ya cheo hicho na maboksi kuna nafasi nyingi za mtu aliyekaa darasani miaka yote hiyo. Kabla ya hilo, lugha. Ingia darasa la lugha hata kama ni mara mbili kwa wiki, hata ukisinzia. Na muombe msimamizi wako, kijana au mzee, akupe walau siku moja ya mapumziko inayolingana na ya mkeo. Ndoa haiwezi kutengenezwa na watu wanaopishana mlangoni.

Umeuliza urudi au ubaki. Sitakuamulia, na nakuomba na wewe usiamue sasa, ukiwa chini kabisa, saa kumi na mbili alfajiri, macho yamewaka kwa kukosa usingizi. Jipe muda mtakaokubaliana wawili, mwaka mmoja tuseme, wenye mambo ya kufanya ndani yake: lugha, vyeti, siku moja ya pamoja kila wiki. Mwaka ukiisha na bado moyo wako uko kule, hilo litakuwa jambo la haki la kuzungumzwa, na mkeo atakuwa amekuona ukijaribu. Kuna watu wazima na wenye akili waliorudi, na hawakuwa wameshindwa.

Siku hiyo ya kwanza mkiwa nyumbani wote, watoto wakiwa shule, usianze na akaunti wala vikaratasi. Muulize swali moja: "Mwaka wako wa kwanza hapa, kabla hatujaja, ulikuwaje?" Kisha nyamaza. Atasema ulikuwa mzuri. Muulize tena. Akilia, usimkatize kwa kumweleza yako, yatafika. Akimaliza, msimulie miaka yako mitatu: mama yako alivyougua, kikohozi cha mtoto, mara ya kwanza ulipojaribu kusuka ukashindwa. Nadhani haijui hata moja kati ya hizo.

Ukishazungumza naye, niandikie. Na yeye akitaka kuniandikia yake, mwambie nitaisoma kama nilivyoisoma yako, mara mbili.